Kikombe cha Maji ya Sadaka

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana baadhi yenu mmeyanywa maji yale, palikuwa na mtaa uliobanana hata jirani akipiga chafya unamsikia. Katikati palikuwa na kisima. Hatibu alikichimba kiwe sadaka ya marehemu baba yake, na kila aliyechota alimwombea marehemu.

Hatua saba kutoka hapo, Bi Zaituni alikuwa na nyumba ya wapangaji. Choo kikajaa, gari la kunyonya halipiti uchochoroni, akachimbisha kingine kirefu. Wachimbaji wakakuta maji chini, wakamwambia. Akawaambia wajenge tu.

Akaja bwana afya, Mkwizu. Akapima maji ya kisima, akachora msalaba mwekundu kwenye kifuniko, akaenda zake. Hakubisha hodi hata mlango mmoja!

Ijumaa ilikuwa hitima ya yule marehemu. Hatibu akaona aibu wageni waikute sadaka ya baba yake ina alama ya sumu. Akakipaka kifuniko rangi ya kijani.

Siku hiyo hiyo Mwantumu, mama mmoja wa mtaa ule, akachota pale. Siku ya nne binti yake Sikudhani, wa miaka minne, akafa kwa kuhara.

Mwantumu hakulia. Hasira ilimkausha macho. Baada ya maziko akawaita wale watatu, akaweka mkekani kikombe cha maji yale yale.

"Anywe mwenye makosa."

Bi Zaituni akasema, "Wapangaji arobaini wangejisaidia wapi, mwanangu? Kiwanja ni hicho hicho."

Mkwizu akasema, "Alama niliweka. Ningekifunga mngekunywa nini, na mabomba yenu mwaka wa tatu yanatoa upepo?"

Hatibu akasema, "Niliifuta kwa heshima ya baba. Jumamosi ningeirudisha."

Jumamosi! Mwantumu alitamani kuwamwagia usoni wote watatu. Mkono ukamwishia njiani, kwa sababu kuna jambo alilijua peke yake, nalo lilimchoma kuliko maneno yao.

"Ijumaa ile maji yalinuka," akasema. "Niliinusa ndoo. Nikaona haya kumwaga maji ya sadaka mbele ya watu wa hitima. Nikampa mwanangu."

Akakaa nao mkekani. Sasa walikuwa wanne, na kikombe katikati, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Haya, nyie mliozoea kuwahukumu wenzenu: nani alistahili kukinywa?