Mwatumu na Chewa wa Pangoni

Mpo?

— Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Yafungueni basi, nina neno.

Zamani za zamani, huko Kiwambale, alikuwako mjane akiitwa Mwatumu. Alikuwa na watoto wanne, na kazi yake kuvua kwa mshipi juu ya mwamba. Fundi, jamani! Samaki akionja tu chambo, yeye kwa kidole anajua ni nani huyo.

Wanaume wa Kiwambale roho ziliwauma. Mkubwa wao, Kitwana, akamwambia, "Mwatumu, mwamba huu wetu. Kuna chewa, samaki mkubwa, pangoni chini yake, ametushinda sote. Mvue leo kabla maji hayajajaa, ubaki. Ukimkosa, usikanyage hapa tena."

Na wale wanne watakula nini? Mwatumu akasema, "Haya. Tangulieni nyinyi."

Kitwana akatupa kamba ya mkonge, nene kama kidole gumba. Chewa akaiona, akaikwepa. Mwenzake, Sheuri, akatupa waya. Waya ukametameta majini, chewa akaukwepa.

Mwatumu akatoa nailoni. Nyembamba! Mnacheka nini? Nailoni zamani za zamani? Kisa changu, nailoni yangu, tulieni.

"Uzi huo?" Kitwana akaangua kicheko. "Chewa ataukata kama tambi!"

Mwatumu akatia kipande cha pweza kwenye ndoana, akashusha taratibu. Chewa hakuona uzi, aliona pweza tu. Hap! Akameza, akakimbilia pangoni, akajitanua humo, akakwama kwa makusudi.

"Vuta!" wanaume wakapiga kelele. "Vuta, mama! Vuta!"

Ungevuta wewe, ingekuwaje? Uzi ungesuguliwa na jiwe, ukakatika. Mwatumu akalegeza. Akalegeza tena. Akalegeza mara ya tatu, mpaka uzi ukalala majini.

"Maskini, amemwachia!" Sheuri akasema.

Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Yakafika magotini. Mwatumu wanawe anawaona mbele ya macho, lakini uzi hakuukaza. Mwanamke huyo, wallahi!

Kule chini, chewa akajiuliza, "Mbona sivutwi? Kumbe nimepona!" Akajilegeza, akatoka pangoni kifua mbele. Hapo hapo Mwatumu akakaza! Chewa akikimbia, anampa uzi. Akichoka, anaurudisha. Anampa, anaurudisha, anampa, anaurudisha, mpaka chewa huyo juu ya mwamba, mdomo wazi, mzito kuliko gunia la nazi.

Kitwana akamtazama chewa, akautazama ule uzi, akavua kofia.

"Mwamba wako, mama. Sasa sisi tuvulie wapi?"

Mwatumu alikuwa anakunja uzi wake, wala hakuinua kichwa. "Hapa hapa kando yangu. Ila midomo muiache nyumbani."

Kisa kimekwisha, nimekitua. Aliyekipenda akibebe, aliyekichukia akitupe majini.

— Tumekibeba!