Hodi ya Wenye Mikuki

Soma hii mpaka mwisho, kisha mtumie yule jamaa yako anayependa kusema "sheria ni sheria".

Palikuwa na miji miwili, Tungo na Mbweka, na mto katikati. Mababu wa pande zote walichinjana hadi wakachoka, wakaapa kiapo kimoja: mwenye silaha asivuke mto mpaka abishe hodi, na mwenye mji aitikie karibu. Ukijibiwa kimya, geuka urudi ulikotoka.

Ngwali, mfalme wa Tungo, aliyatamani mashimo ya chumvi ya Mbweka. Askari alikuwa nao. Alichokosa ni sababu ya kusema mbele za watu. Akamwita mwanasheria wake, Bi Mwanakheri, aliyekijua kiapo kile neno kwa neno, na ambaye binti yake wa pekee, Salha, alikuwa ameolewa hukohuko Mbweka.

"Bi Mwanakheri, wewe si msomi? Nitafutie njia."

"Njia ni moja, Mtukufu. Wakukaribishe."

"Basi watanikaribisha," mfalme akacheka.

Kesho yake jeshi likajipanga ukingoni. Mfalme akapaza sauti kwa adabu, kama mgeni wa arusini: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Kimya. Akarudia. Sauti ikajibu kutoka ng'ambo: "Karibuni! Karibuni sana!"

Bi Mwanakheri aliitambua. Ilikuwa sauti ya Shebwana, aliyegombana na kaka yake, mtawala wa Mbweka, akawa anakula pilau jumbani kwa Ngwali miaka nenda rudi. Alfajiri ile watu wa mfalme walikuwa wamemvusha kwa mtumbwi.

"Umesikia, Bibi?" mfalme akasema. "Watu wanangoja kauli yako."

Akisema ile si karibu ya mwenye mji, askari hawatavuka. Wanaogopa laana ya kiapo. Naye kesho hana cheo, pengine hana na shingo. Akamfikiria Salha. Kisha akajiambia kile wasomi hujiambia: nikibaki kitini, angalau nitapunguza makali.

"Kiapo hakikufafanua mwenye mji ni nani," akasema, macho majini. "Anayeitikia kutoka ndani, anatosha."

Mbweka iliungua siku nzima. Chumvi haikuungua.

Salha akarudi kwa mama yake akiwa mjane, mikono mitupu. Njiani alikuwa amemzika mwanawe. Hakulia wala hakulaumu. Alipika, akafagia.

Kabla ya masika, mfalme wa kaskazini, mwenye jeshi kubwa kuliko la Ngwali, akasimama nje ya lango la Tungo. Naye alikuwa na adabu zake, maana mababu wa kaskazini nao walikuwa wameapa kiapo kilekile cha hodi.

"Hodi!"

Akina mama wakawaziba watoto vinywa. Mji mzima ukanyamaza. Bi Mwanakheri akashusha pumzi: kimya kingewaokoa.

"Karibuni!" Ilikuwa sauti ya Salha, dirishani. "Ingieni tu, karibuni!"

"Mwanangu, umetuua! Wewe si mwenye mji!"

"Najua, Mama. Lakini niko ndani."

Huko nje, mwanasheria wa mfalme yule hakuhitaji hata kukuna kichwa. Hukumu ilikwisha kutolewa, tena na msomi mkubwa kuliko yeye.

Funzo: Ukimshonea mvamizi kanzu ya sheria, usishangae mvamizi mwingine akija kwako ameivaa, na imemkaa vizuri.