Picha Moja ya Mama Subilaga

Sogeeni mnisikie. Mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana kisa hiki nimeshakitoa mbele ya watu wengi, na karibu wote waliojibu upesi walinifuata kesho yake kubadili maneno. Watoto nao waseme. Mtoto haogopi kumkasirisha mtu.

Huko Tukuyu, ambako mvua hunyesha kwa mazoea tu hata isipokuwa na sababu, aliishi Mzee Ambilikile aliyekuwa na wana watatu. Wa kwanza, Gwamaka, alikuwa fundi wa printa mjini Mbeya. Printa iliyowashinda mafundi wengine yeye aliisikiliza inavyokoroma, kisha akakwambia inaumwa wapi. Wa pili, Tusekile, alikuwa na kibanda cha picha za pasipoti pale pale Tukuyu, na alichojua yeye ni wino: upi utadumu, upi utapauka, upi ukikutana na mwenzake utaharibu kazi. Wa mwisho, Lugano, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye mapenzi ya kuchora, na yeye alijua karatasi. Mfunge macho umpe karatasi, ataipapasa na kukwambia inafaa kazi gani.

Mama yao, Subilaga, alikuwa amekufa, na baba yao alikuwa anapofuka.

Jicho la kushoto lilikwisha zamani. La kulia lilibaki na mwanga kidogo, na daktari aliwaambia bila kuwaficha kwamba nao hautadumu. Rangi zote zilikuwa zimemtoka mzee. Alichoweza ni kutofautisha cheusi na cheupe, tena kitu kikiwa kikubwa na kikiwa karibu. Basi akaomba jambo moja.

"Nataka nimwone mama yenu," alimwambia Tusekile, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa naye. "Sauti yake ninayo, mwendo wake ninao, lakini uso unanitoka. Nikipofuka kabla sijamwona, nitakaa gizani na mtu asiye na uso."

Ilikuwepo picha moja nzuri, ambayo Tusekile mwenyewe aliipiga kwa simu: mama amesimama kwenye mlango wa jiko, kitambaa cheupe kichwani, anataka kucheka. Kwenye simu mzee hakuweza kuitazama, maana mwanga wa kioo ulimchoma jicho. Ilibidi ichapwe kwenye karatasi, iwe kubwa, iwe nyeusi na nyeupe.

Tusekile akajaribu kwa printa yake ya kibandani. Printa ile haikuwa na wino wa kijivu. Ilichanganya rangi ili kuupata, na ule mchanganyiko ukampa mama uso wa kijani kama wa mtu aliyeopolewa mtoni. Akairudia kwa wino mweusi peke yake na kuipeleka kwa baba. Mzee akaisogeza hadi karibu na pua.

"Naona kitambaa," akasema. "Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Mama Subilaga alikuwa mweusi hasa, weusi wa kung'aa, na ule wino mmoja ulikuwa umeyameza macho, pua na mashavu yote ukaacha doa chini ya kitambaa. Tusekile alitoka nje akalia. Alipomaliza akawapigia simu nduguze.

Gwamaka alikuwa na miaka hajakanyaga nyumbani. Aligombana na baba yake kwa ajili ya shamba la migomba, maneno yakawa makali, akaapa hatarudi, na kiburi kikamshika hata mama alipokufa. Hakumzika mama yake, hilo tuliweke wazi. Lakini safari hii alisikia jicho la baba linazima, akaingia kwenye lundo la mashine mbovu nyuma ya karakana yao. Humo kulikuwa na printa pana, ya aina inayobeba weusi wa ngazi tatu: mweusi wenyewe, kijivu, na kijivu hafifu. Kichwa chake kilikuwa kimeziba, wino wa zamani umegeuka jiwe. Alikilowesha maji ya vuguvugu, akakipangusa, akakilowesha tena, akisali kisije kikafa mkononi mwake. Kilipoanza kutema wino akaifunga printa kwenye blanketi na kushuka nayo Tukuyu. Bila Gwamaka, uso wa mama ungebaki doa.

Tusekile akashughulikia wino. Aliagiza zile ngazi tatu kutoka Dar es Salaam, na alipozipata aliona muuzaji amemwekea mweusi wa karatasi zinazong'aa. Huo ukiuweka kwenye karatasi isiyong'aa unakuwa majivu, na baba asingeona kitu. Akaurudisha, akasubiri mwingine, na ulipofika akafunga kibanda wakati wa harusi, wakati ambao wapiga picha wote hula vizuri, akawa anajaribu kiasi cha kijivu kwenye vipande vidogo na kuvipeleka dirishani. Wateja wake walihamia kwa jirani na wengi hawakurudi. Bila Tusekile, mashavu ya mama yangekuwa vumbi.

Lugano akaleta karatasi. Ile inayong'aa ingerudisha mwanga wa dirisha kwenye jicho bovu la baba, na ile ya kawaida ingekunywa wino mpaka uso uwe tope. Ilitakiwa karatasi ya pamba, nene, isiyong'aa, na yeye alikuwa nayo moja tu, aliyopewa kwenye semina ya wachoraji. Aliitunza bapa chini ya godoro lake. Alikuwa amemwekea mwanawe Ambele, aliyeishi muda mfupi akafa kabla hajajifunza kukaa, na ambaye picha yake ilikuwa bado haijachapwa. Lugano aliitoa hiyo karatasi bila kumwambia mtu ilikuwa ya nani. Akalowesha ncha ya kidole, akagusa pembe yake kila upande apate ule unaonata, kwa sababu upande mmoja tu ndio unaopokea wino sawasawa, na ukikosea huna pa kurudi. Bila Lugano, mama asingekuwa na pa kukaa.

Wakachapa kibandani kwa Tusekile. Printa ilikwenda polepole, inakwama, inaendelea, na wale ndugu watatu wamesimama kama watu waliozunguka kitanda cha mgonjwa. Kwanza kikatoka kitambaa. Likafuata paji la uso, yakaja macho, na ndani ya weusi wa uso mkaonekana weusi mwingine, na mwingine, mpaka mkunjo wa kicheko ukasomeka pembeni ya mdomo. Karatasi ilipotoka yote, printa ilipiga kelele mbaya ikazima. Gwamaka aliifungua, akaitazama ndani, akaifunga.

"Hii ndiyo basi tena," akasema.

Wino ulitakiwa ukauke, na Tukuyu hakuna kinachokauka. Tusekile alitaka ipelekwe hapo hapo kwa kuwa jicho halingojei. Lugano akamsihi wangoje, kwa sababu ikiguswa mbichi itaharibika na nyingine hakuna. Waliingoja usiku kucha wakiwa na hofu kwamba asubuhi baba ataamka hana jicho.

Aliamka nalo. Wakamkalisha mlangoni kwenye mwanga, wakampa. Aliitazama muda mrefu.

"Subilaga," akasema. "Mbona umekonda hivi? Ulikuwa unaumwa hukuniambia."

Wote walikuwa wanalia. Mzee akapitisha kidole shavuni mwa mkewe, na karatasi isiyong'aa haipendi kuguswa: kidole kikaacha alama, mstari mfupi uliopauka. Wala Lugano hakumzuia.

Kisha mzee akauliza, "Gwamaka umo humu ndani? Nasikia pumzi yako."

"Nimo, baba."

"Njoo umtazame mama yako. Yale ya shamba yameisha." Akamshika mkono huku picha iko mapajani. Halafu akasema, "Ndaga, asanteni wanangu. Mmenifanyia jambo. Siku nikiondoka, picha hii apewe aliyenirudishia mama yenu. Apewe mmoja, akae naye. Msimzungushe mama yenu nyumba hii na ile kama mzigo."

"Unamaanisha nani, baba?" Tusekile akauliza.

"Mnajua wenyewe."

Lakini hawakujua. Kabla mvua haijapungua jicho likazima, mzee akawa anakaa na picha mapajani bila kuiona, na baridi ya mwezi wa sita ilipokuja ikamchukua.

Baada ya kuzika, wakakaa mbele ya baba yao mdogo, Asegelile, ili aamue. Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga.

Gwamaka akasema, "Nyinyi mlimzika mama. Mimi sikumwona hata kwenye jeneza. Baba alinisamehe akiwa na picha hiyo mapajani, na sina kitu kingine cha kunionyesha kwamba nilisamehewa."

Tusekile akasema, "Nilimwogesha baba mpaka mwisho, na picha niliipiga mimi. Nyinyi mkitoka hapa mnarudi kwenye watu wenu. Mimi narudi kwenye nyumba yenye vitanda vitupu."

Lugano alipoulizwa ndipo akasema ile karatasi ilikuwa ya nani. "Nilimnyima mwanangu," akasema, "ili baba amwone mkewe. Nimemnyima mara moja. Msiniambie nirudi mikono mitupu."

Nakuona wewe unayetaka kuniambia wachape nyingine. Printa imekufa, wino umekwisha, karatasi ile hawajaipata tena. Na hata wangepata vyote, hiyo ingekuwa picha ya mama. Hii ni picha ya mama ikiwa na kidole cha baba shavuni, na hakuna mashine inayochapa hilo. Na wewe mwingine usiniambie waikate vipande vitatu, kwa sababu hata wao waliliwaza hilo, wakaona aibu. Zamu baba yao aliikataa kwa mdomo wake.

Asegelile alishindwa. Aliifunga picha kwenye kitambaa, akaiweka kwenye sanduku lake, akawaambia warudi wakishakubaliana. Gwamaka alirudi Mbeya na safari hii hata simu hapigi. Tusekile na Lugano wakikutana sokoni, kila mmoja anageukia mboga. Baba alirudishiwa mkewe na wanawe wakapoteana, na hilo ndilo linaloniumiza mimi kuliko kifo chake.

Juzi Asegelile alifungua sanduku, akaniita nitazame. Tukuyu unyevu hauachi kitu. Ukungu umeanza kwenye pembe ya karatasi na unapanda. Uso haujafikiwa bado, lakini picha ikiendelea kufungiwa utafikiwa. Inabidi itoke, ipate mtu wa kuitundika pakavu na kuipangusa. Asegelile, mzee wa watu, ananitazama mimi, na mimi nawatazama nyinyi.

Printa, wino, karatasi: kimoja kingekosekana, baba angekufa hajamwona mkewe. Kwa kazi wako sawa, na kwa machozi sijui nani wa kuwapima. Haya, sema sasa. Ungempa nani? Na ukishampa huyo, wale wawili watakaobaki wamesimama mbele yako ungewaambia nini?