Ua la Kwanza Halingoji Majani

Ua la kwanza halingoji majani. Leo mmesikia watu wakimwambia jirani yetu Mkunde maneno hayo, alipofungua kibanda chake cha kushona akiwa na cherehani moja ya kuazima na bila hata meza ya kukatia vitambaa, nanyi mkaja mbio kuniuliza yametoka wapi. Kaeni basi. Methali hii haikuokotwa njiani. Chimbuko lake ni Mambeni, milimani Upare, kwenye bustani ndogo mbele ya nyumba ya bibi yangu mzaa baba, Nakijwa. Mimi sikuwepo. Nilisimuliwa na yeye mwenyewe, tena si mara moja, tukichambua maharage.

Mambeni ile tuliishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo wa mfinyanzi, linalokusanya maji ya kijito mpaka lijae, kisha likafunguliwa na maji yakateremka kwa mfereji hadi mashambani. Mfereji ulikuwa mmoja, mashamba mengi. Aliyekuwa juu alipata maji mapema, na aliyekuwa mwisho alipata matope, au habari tu kwamba maji yamekwisha.

Nyumba ya Nakijwa ilikuwa ya mwisho kabisa, chini ya kilima cha mawe. Mumewe alikuwa amefariki, naye alikuwa na mtoto mmoja, Sefue, ambaye ndiye baba yangu. Miaka mitatu mfululizo maharage yake yalichelewa kupandwa kwa kukosa maji ya kulainisha ardhi, na mvua za vuli zilipokwisha yalikuwa bado yanatoa maua. Mnajua maana yake? Maana yake ni maganda matupu. Mwaka wa tatu shemeji zake walianza kusema kwamba shamba lile halimfai mwanamke peke yake, afadhali lirudi kwenye ukoo na yeye arudi kwa baba yake.

Palikuwa na njia moja tu ya kuupita ule mpangilio wa mfereji. Wazee wa Mambeni walikuwa na desturi waliyoiita zamu ya ua. Kila mwaka, kipupwe kikiisha na kabla vuli haijaanza, watu walifagia ndiva, kisha wazee walipita nyumba kwa nyumba wakitazama bustani. Nyumba iliyokuwa na ua lililokwisha kufunguka, lililopandwa na kutunzwa na mikono ya nyumba ile ile, ilipewa maji ya kwanza kwa siku tatu, popote ilipokuwa. Ua la kuchuma porini halikuhesabiwa. Wazee walisema mtu anayeweza kulea kitu kisicholiwa, katika miezi ya baridi na ukame, huyo hatachezea maji.

Lakini tazameni mambo yalivyo. Aliyekuwa na maji ndiye aliyekuwa na maua. Mwaka baada ya mwaka zamu ya ua ilichukuliwa na Nanzia, wifi yake Nakijwa, aliyeolewa nyumba ya juu kabisa, mfereji ukipita mlangoni pake. Nanzia alikuwa na mawaridi, mekundu na ya rangi ya maziwa, na ulimi wake ulikuwa na miiba kama mawaridi yenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa wifi tu.

Nakijwa alijaribu waridi. Akaomba vipande kwa Nanzia, akavichomeka, vikakauka. Akajaribu asumini, mbuzi wakaila. Ndipo akafanya jambo ambalo nawaomba mlishike: aliacha kutazama bustani za wenzake, akaanza kutazama mahali palipofanana na pake. Mwisho wa kipupwe alipanda kile kilima cha mawe nyuma ya nyumba, akatembea taratibu akitafuta kitu kimoja tu: nani anachanua hapa bila kumwagiliwa?

Akayaona. Mnayajua yale maua mekundu ya duara, yanayofanana na mpira uliochomwa vijiti vya kiberiti pande zote. Yalikuwa yamesimama katikati ya mawe makavu, kila moja juu ya bua lake nene lenye madoadoa, na mbuzi wanapita pembeni hata hawayanusi, maana utomvu wake ni mkali. Hakuyachuma. Aliweka alama ya jiwe jeupe kando ya kila moja, akangoja mvua zije na zipite, mpaka majani yake yakageuka manjano na kulala yenyewe. Hapo ndipo akachimba matunguu yake sita. Tunguu ni kile kichwa cha chini, kama kitunguu kikubwa, ambamo ua hulala.

Mwaka ule wa kwanza alikosea. Aliyapanda mbele ya nyumba, kwenye udongo mweusi, akayahurumia. Kila jioni maji ya kuoshea vyombo aliyamwaga pale. Kipupwe chote anamwaga. Mwezi wa tisa alipofukua kidogo aone, vidole vikazama kwenye uji unaonuka. Matano yalikuwa yameoza. La sita, lililokuwa pembeni kwenye kokoto ambako maji hayakufika, lilikuwa gumu kama ngumi.

Aliniambia kwamba alilia, kisha akacheka. "Nilikuwa nakinywesha kitu kilichokuwa kimelala. Wewe ukiwa usingizini ukamwagiwa maji mdomoni, si utakufa?"

Mwaka uliofuata, majani yalipolala tena, akarudi kilimani akaongeza matunguu mengine manne. Safari hii alitandaza kokoto, akachanganya udongo na majivu, akayapanda juu juu, shingo zikichungulia nje. Kisha akafanya kazi ngumu kuliko zote kwa mwanamke wa Mambeni: hakumwagilia. Hata tone.

Watu walipita wakaona kiwanja kikavu chenye mawe yaliyopangwa vizuri, pasipo hata jani. Nanzia aliteremka siku moja kumsalimia, akasimama, akashika kiuno.

"Wifi, hii bustani yako imefunga? Maana naona hata kunywa hainywi."

"Imefunga, wifi. Siku ya kufuturu nitakuita."

"Niite mapema, nije na chumvi. Hayo mawe yako yatataka kuchemshwa sana."

Nakijwa alicheka pamoja naye. Lakini alijua kwamba mwaka ule zamu ya ua ikimpita, shemeji zake hawatangoja zaidi, na shamba halitakuwa lake tena.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Ukungu ulikaa juu ya Mambeni hadi katikati ya mwezi wa tisa, na mawaridi ya Nanzia, yenye majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, yalibaki na matumba yaliyofumba. Chini kwenye kilima, mawe yalishika joto la jua dogo lililopatikana. Siku nane kabla ya kufagia ndiva, Nakijwa aliona ncha nyekundu imetoboa ardhi. Kwa kuogopa kuku, akaifunika kwa tenga kuukuu na kuweka jiwe juu. Kila asubuhi aliinua tenga, akatazama, akafunika.

Siku ikafika. Wazee walianza juu. Kwa Nanzia walihesabu matumba kumi na saba, na hata moja halikuwa limefunguka. Nyumba nyingine hali ilikuwa ile ile. Mzee Kajiru, aliyekuwa mzee wa ndiva, akasema kwamba mwaka huu hakuna ua, basi maji yaanzie juu. Nanzia akashusha pumzi, akajifunga khanga upya. Hapo Nakijwa akatoka nyuma ya watu.

"Baba, bado nyumba moja."

Wakashuka, wengine wakinung'unika. Nakijwa akaondoa jiwe, akainua tenga. Lilikuwa limesimama pale, jekundu, duara kamili, kubwa kuliko kichwa cha mtoto mchanga, juu ya bua tupu. Chini yake hakuna jani. Kokoto tu.

Halafu Nanzia akacheka.

"Jamani! Ua gani hili lisilo na jani hata moja? Hili limechumwa kilimani likachomekwa leo alfajiri. Ndiyo maana likafunikwa tenga, kama kuku mgeni!"

Watu wakaguna. Kweli, jana nani aliliona?

Mzee Kajiru akaliinamia. "Mama Sefue, majani yake yako wapi?"

"Hayajaja, baba."

"Yatakuja lini?"

"Mvua ikija."

"Yaani ua limetangulia majani? Ni lini mtoto alimtangulia mama yake njiani?"

Watu wakacheka. Nakijwa hakucheka. Mzee akasema, "Basi livute tuone."

"Silivuti, baba. Nikilivuta litakatika, na likikatika mtasema kweli lilichomekwa. Aliyesema limechomekwa ndiye achimbe. Achimbe kwa vidole, taratibu." Akamgeukia Nanzia. "Wifi yangu, futari iko tayari. Karibu."

Nanzia hakuwa na pa kukimbilia. Akapiga magoti na khanga yake nzuri. Akatoa kokoto moja moja, akafika kwenye majivu, akafika kwenye shingo ya tunguu. Akaendelea. Tunguu likaonekana, kubwa kama ngumi ya mwanamume, na chini yake mizizi minene myeupe imekumbatia mawe kama vidole vya mtu aliyekataa kuondoka. Nanzia akapangusa udongo ubavuni mwake kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake:

"Lina mtoto."

Kwa kweli, ubavuni mwa tunguu lile palikuwa na jingine dogo, limezaliwa pale pale, ngozi yake imeshikana na ya mama yake. Kitu cha namna hiyo hakichomekwi alfajiri.

Mzee Kajiru akakaa juu ya jiwe. "Nakijwa, mwanangu," akasema, sasa akimwita kwa jina lake, "wenzako wote wamelea majani mwaka mzima, na majani ni mazuri. Wewe mbona hukuyangoja?"

Bibi yangu akajibu, vumbi limemjaa magotini:

"Baba, aliye juu anaweza kungoja majani, kwa sababu maji yanapita mlangoni pake. Mimi niko mwisho wa mfereji. Nikingoja mpaka niwe na kila walicho nacho wenzangu ndipo nianze, msimu utakuwa umepita. Ua la kwanza halingoji majani."

Mzee Kajiru alirudia maneno yale polepole, kama mtu anayeonja mboga. Kisha akaagiza ndiva ifunguliwe.

Maji yakashuka. Yakapita nyumba ya juu, yakapita mawaridi, yakapita mashamba yote bila kuguswa, kwa mara ya kwanza tangu Nakijwa aolewe pale. Nanzia alitangulia mbele ya maji na jembe, akizibua takataka mferejini mpaka chini kabisa, huku akijikuna mikono kwa ule utomvu na kulalamika njia nzima. Walipofika, akaosha mikono, akasema, "Wifi, yule mtoto akikua utanipa?"

"Nitakupa. Ila usimwagilie."

Maharage ya mwaka ule yalipandwa wiki mbili kabla ya ya mtu yeyote. Hakuna shemeji aliyesema tena habari ya shamba kurudi kwenye ukoo. Baba yangu alikulia hapo, mimi nikazaliwa hapo, na mama yenu pia.

Siku hizi nawasikia watu wasioijua hata Mambeni iko upande gani wakilisema neno lile sokoni, na kwenye harusi. Humwambia mtu anayeanza na kidogo alicho nacho, wakati wenye vingi bado wamefumba. Mimi hutabasamu, maana najua lilitoka kinywani mwa nani, na najua nyinyi ni damu ya nani. Msione haya kusimama mkiwa na bua tupu. Mvua ikija, majani yatawafuata.

Ua la kwanza halingoji majani.