Samaki Saba wa Bi Chura

Mwaka ule mto ulikauka mpaka mamba wakahamia kwa shemeji zao. Maji ya kunywa yaliyobaki yalikuwa katika birika moja juu ya mwamba, dogo kiasi kwamba Tembo alikatazwa hata kuliinamia. Mtunzaji wake alikuwa Bi Chura, mama mwenye wasiwasi, aliyehesabu kila kitu mara mbili, kisha mara ya tatu ili alale vizuri.

Maji yaliyotuama huzaa mbu. Haukupita mwezi, birika likajaa viluwiluwi vya mbu na wanyama wakaanza kutetemeka kwa homa. Bi Chura akaenda kwa Simba.

"Bwana Mkubwa, nakula viluwiluwi mpaka tumbo linauma, na sivimalizi. Tutie samaki wadogo wanisaidie."

"Watiwe," alisema Simba. "Lakini wawe wa rangi. Ninapokunywa maji napenda kutazama kitu cha hadhi yangu."

"Wawe wa rangi, lakini wawe wachache, na wawe wanaopatana. Birika si ziwa. Mle ndani anayechokozwa hana pa kukimbilia."

Simba alitaka furu watatu wa bluu, madume watupu, maana alisikia madume ndio wenye rangi. Bi Chura alimwambia watapigana.

"Wapigane kwa nini?"

"Bwana Mkubwa, wewe ungekaa kichaka kimoja na wenzio wawili wenye manyoya shingoni?"

Simba alifikiri kidogo. "Aletwe mmoja," alisema.

Wanyama wakatawanyika kwenye vidimbwi vya mwisho vya mto. Twiga alileta furu wa bluu. Ngiri alileta mwekundu wa pilipili, na hakuacha kumsifu. Wengine walileta wawili wa manjano, mmoja wa mistari na mmoja wa rangi ya shaba. Bi Chura aliwapima mmoja mmoja kwa kidole. Wote walikuwa wa kimo kimoja, na walipotiwa majini waliogelea bila kugombana. Hao walikuwa sita.

Wa saba aliletwa na Fisi. Alikuwa kambare mdogo, mweusi tii, mwenye sharubu.

"Huyu rangi yake iko wapi?" aliuliza Simba.

"Weusi nao ni rangi, Bwana Mkubwa. Manjano akikaa na manjano, nani atamwona? Akiwepo mweusi katikati, wenzake wote watang'aa. Halafu ana sharubu. Nilipoziona nilikukumbuka wewe."

Simba alizitazama zile sharubu, akaridhika.

"Anakula nini?" aliuliza Bi Chura.

"Tope," alijibu Fisi. "Na mabaki. Ukoo wao ni watu wa kuridhika na kidogo. Tena ni mkimya, hutamsikia."

Kambare mwenyewe hakusema neno, naye hakuna aliyemuuliza. Akatiwa.

Juma la kwanza mambo yalikuwa mazuri. Viluwiluwi vilipungua, homa ikatulia, na Simba akawa anakuja kunywa maji hata asipokuwa na kiu. Juma la pili Bi Chura alihesabu akapata sita. Akahesabu tena, na mara ya tatu. Wa mistari hakuwepo. Siku tatu baadaye wa shaba hakuwepo. Kisha akakosekana yule mwekundu wa pilipili, na Ngiri akalia mbele za watu.

Simba alikasirika. Aliamuru birika lizungukwe na walinzi, na wa kwanza kujitolea alikuwa Fisi. Alikaa ukingoni mchana kutwa, akitazama majini kwa mapenzi makubwa. Juma la tatu hata mmoja wa wale wa manjano akatoweka.

"Umemwona nani?" Simba alimuuliza.

"Kunguru hakupita, korongo hakupita. Aliyekuwa karibu na maji saa zote ni Bi Chura peke yake. Mimi simshuku mtu, Bwana Mkubwa. Nasema nilichokiona."

Simba akamgeukia Bi Chura. "Ijumaa asubuhi nikikosa jina la mwizi, utahama birikani."

Bi Chura alitazama chini kwenye mto. Tope lilikuwa limepasuka vipande, na kinamasi kilikuwa mwendo wa siku tatu. Ngozi ya chura juani haifiki hata adhuhuri. Aliogopa, na hakuona haya kulia.

Sungura alimkuta katika hali hiyo alipokuja kunywa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachungulia majini.

"Bi Chura, wewe umehesabu waliopungua. Umemtazama aliyeongezeka?"

Bi Chura naye akachungulia. Furu alikuwa kama alivyoletwa. Wa manjano alikuwa kama alivyoletwa, ila mwenye mawazo. Kambare alikuwa mnene kama muhogo wa shamba jipya.

"Nimwite Simba sasa hivi," alisema Bi Chura.

"Ukimwita sasa, Fisi atasema hakujua, na ataomba yeye ndiye amtoe. Subiri Ijumaa."

Sungura alikwenda kwa Simba akashauri birika lisafishwe. Kila aliyeleta samaki aje na chombo chake, amchukue wake mpaka maji yatulie. Simba alipenda shauri hilo, na kufikia jioni lilikuwa limeshakuwa lake.

Ijumaa asubuhi Twiga alikuja na kibuyu kilichojaa maji. Aliyeleta wa manjano alikuja na chungu cha maji. Ngiri, ambaye hakuwa tena na samaki, alikuja na huzuni yake. Lakini aliyefika kabla ya wote, jua halijapanda, alikuwa Fisi. Alishika kikaango. Ndani ya kikaango mlikuwa na chumvi iliyofungwa kwenye jani, na ndimu mbili.

Sungura alikitazama kikaango kwa muda. "Maji yako wapi, ndugu yangu?"

"Maji ya nini?" aliuliza Fisi.

"Mliagiza chombo," Fisi alisema. "Hiki ni chombo."

"Na ndimu?"

"Za kumwondolea shombo. Asinuke njiani."

Simba aliinama mpaka manyoya yake yakagusa maji. "Kambare, wenzako wako wapi?"

"Niliwala," alisema Kambare.

"Tuliambiwa unakula tope."

"Mimi nakula chochote kinachoingia mdomoni. Bi Chura aliuliza swali zuri, lakini alimuuliza Fisi. Na Fisi kila siku alikuwa akiinama pale ukingoni ananiambia, 'Kula, mwanangu, unenepe.' Nilidhani ananipenda."

Fisi alitaka kucheka, kicheko hakikutoka.

Simba alihukumu hapo hapo. Kikaango kijazwe maji, Kambare atiwe humo, na Fisi ambebe kichwani siku tatu hadi kinamasini, akiwa hai. Ngiri amfuate nyuma na pembe zake. Akifika bila samaki, asirudi.

Wakaondoka. Ngiri alisimulia baadaye kwamba Fisi alikitua kikaango kila walipopumzika, akamtazama Kambare na udenda ukamdondokea humo. Ndiyo maana, jua kali lile lote, maji ya kikaango hayakupungua.

Bi Chura alipata samaki wengine watano. Kabla ya kumtia kila mmoja, alimwambia yeye mwenyewe afungue mdomo, akaupima kwa kidole, kisha ndipo akatazama rangi. Simba alipomuuliza kama aweke tena walinzi pembeni, alikataa kwa adabu.

"Walinzi walitazama nje, Bwana Mkubwa," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako."