Mnana na Daraja Lisilovutwa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kinyonge hivyo? Na nyinyi wakubwa itikieni, msijifanye mmekuja kusindikiza watoto tu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia watu. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao. Pembezoni mwa mji palikuwa na kitongoji kilichoitwa Matete, na kando ya Matete ulipita mto. Mto mzuri, maji tele, lakini hakuna aliyeufaidi. Watoto walicheza kwenye vumbi la njia. Wakubwa walikaa vibarazani wakisengenyana. Ng'ambo ya mto kulikuwa na uwanja wa nyasi, mpana, una vivuli vyake, na hapakuwa na pa kuvukia.

Baraza la mji likakaa. Mwenyekiti wake alikuwa Twiga, mrefu wa shingo, mrefu wa maneno. Twiga akasema kitongoji cha Matete kipate mahali pa kupumzikia. Bembea za watoto, vibanda vya kivuli, njia ya kutembelea jioni, na daraja la kamba la kuwavusha wote. Nani atapanga? Wote wakageuka, wakamtazama Mnana.

Mnana mnamjua. Yule ndege mdogo wa manjano, anayesuka nyumba yake kwa majani na kuining'iniza mtini kama kikapu. Hakuna msusi kama yeye. Hata akiwa amekaa, hajakaa. Mara tawi hili, mara tawi lile, chwi chwi chwi, mdomo hautulii, mabawa hayatulii.

Sasa tegeni masikio hapa, na wewe unayemfinya mwenzako acha. Minana wana desturi yao. Mume akimaliza kusuka kiota, mke haingii hivihivi. Anakivuta kwanza. Anavuta mlango, vuta! Anavuta sakafu, vuta! Anadandia dari na kuning'inia. Kikishika, anahamia. Kikilegea, anakifumua palepale, na mume anaanza upya. Hakuna kununa. Mnana huyu alikuwa amefumuliwa viota vingi mno, na kila alipofumuliwa alilala usingizi mtamu. Alijua kosa limeonekana kabla ya mayai.

Basi, akaanza kupanga. Alipangaje? Akaruka juu, akautazama ukingo wote. Huku vichaka. Kule miiba. Pale matope. Halafu akaona mahali peupe, pamenyooka kutoka majini mpaka kwenye malisho, hapana kichaka, hapana jiwe. Akafurahi. Akasema moyoni, hapa hatuna hata cha kufyeka, nguzo kubwa ya daraja itasimama hapa.

Hakujiuliza ni nani aliyepafyeka. Angejiulizaje? Wewe na mimi tukiona pamekanyagwa, tunajua pana mpitaji. Ndege njia yake ni hewani, mguu wake haujui vumbi.

Nyani wakachimba shimo, wakasimamisha nguzo. Mnana na ndugu zake wakasuka kamba, suka, suka, suka, mpaka daraja likatandazwa juu ya maji. Likapendeza, sitawadanganya. Twiga akaja, akalitazama kutoka kule juu kwenye shingo yake, akalisifu. Nyani wakalisifu. Swala wakalisifu. Kichwa cha Mnana kikavimba.

Mkewe naye akaja. Hakusifu. Alitua kwenye kamba akafungua mdomo ili avute, kama siku zote. Mnana akamwahi.

"Usiguse, mke wangu. Hii si nyumba yetu, ni kazi ya mji. Likilegea mbele ya watu nitaificha wapi sura yangu?"

Bi Mnana akamtazama sana. "Na watoto watakaopita hapa," akasema, "nao si wetu?"

Mnana akajifanya anakaza fundo la kamba. Bi Mnana akaruka, akaenda zake, na tangu hapo hakulizungumzia tena daraja.

Basi na usingizi wa Mnana ukaenda zake. Akitua, hatulii. Akila, hakishuki. Akifumba macho anaona kamba. Asubuhi yuko darajani, adhuhuri yuko darajani, anaruka nguzo hii, anaruka nguzo ile, chwi chwi chwi. Akipita Swala ukingoni, anamwuliza daraja analionaje. Zuri. Akipita Nyani, anamwuliza. Zuri. Akipita Ngiri, anamwuliza. Zuri mno, Mnana, hongera. Na kila akisikia zuri, anaruka tena kwenda kuitazama nguzo. Maskini, maisha yake yote hajawahi kusifiwa kitu ambacho hakijavutwa.

Asubuhi moja akaona tope kwenye nguzo kubwa, juu kidogo, mahali ambapo maji hayafiki. Akajiambia ni mikono ya Nyani. Asubuhi nyingine tope limeongezeka, na nguzo kama imeinama. Akajiambia ni macho yake, hayajalala. Akaenda kwa Twiga kuomba uzinduzi usogezwe mbele kidogo. Twiga akacheka. Akamwambia wageni wameshaalikwa, wapiga ngoma wameshafika, na kwamba fundi mzuri siku zote huwa na wasiwasi. Mnana akarudi na wasiwasi wake.

Siku ikafika. Ngoma zikalia, ti-ndi-ti, ti-ndi-ti. Utepe wa maua ukafungwa mbele ya daraja. Watoto wakapangwa mstari, maana Twiga alitaka wavuke wao kwanza. Watoto wa Swala, watoto wa Nyani, na mbele kabisa kitoto cha Ngiri, mkia juu, kinarukaruka hakina subira. Twiga akahutubia. Akahutubia. Jamani, akahutubia.

Mnana alikuwa juu ya nguzo kubwa, mahali pa heshima. Upepo haukuwepo, hata jani halikutikisika. Lakini chini ya vidole vyake nguzo ilikuwa inacheza. Kidogo. Halafu tena kidogo. Akawatazama watoto, akamtazama Twiga. Akinyamaza, huenda daraja likashika, na yeye akabaki fundi wa mji. Akisema, ataaibika mbele ya mji mzima. Na kama akinyamaza lisishike?

Twiga akaukata utepe kwa meno. Kitoto cha Ngiri kikanyanyua mguu.

Mnana akashuka kama jiwe, akatua juu ya pua ya kile kitoto.

"Rudi nyuma, mwanangu. Rudini wote. Daraja hili halijavutwa."

Ngoma zikanyamaza. Kisha watu wakaanza kucheka, wengine wakaguna. Twiga akainamisha shingo, akamwambia kwa sauti ya chini aache kuwaaibisha mbele ya wageni. Mnana hakutoka kwenye ile pua. Akamtafuta mkewe kwa macho, akamwona kwenye matete.

"Mke wangu, nimekosa. Njoo ulivute. Livute kama nyumba yetu."

Bi Mnana akaja. Hakuja peke yake. Aliwaita dada zake na mashoga zake, minana wa kike wote wa mto ule, kundi zima, wakaishika kamba kwa midomo. Vuta! Nguzo ikalia krii. Vuta! Ikalia kriii. Vuta! Nguzo ikang'oka, kamba zikafuata, mbao zikafuata, chubwi! Daraja lote likawa mtoni.

Mama Ngiri akamvuta mwanawe, akamkumbatia.

Hapo maji yakagawanyika, akatokea Kiboko. Masikio kwanza, macho baadaye, halafu lile jibega lake limejaa tope. Akasema asante. Akasema kile kijiti kilikuwa kimemzibia njia, na kila jioni akienda malishoni ilimbidi akisukume kwa bega. Wote wakapatazama pale peupe, kutoka majini mpaka malishoni, wakaelewa. Twiga akamwuliza kwa ukali kwa nini hakusema.

"Nani aliniuliza?" Kiboko akasema. "Mlikuja kutazama juu, mimi nakaa chini."

Wageni wakaondoka. Wapiga ngoma wakafunga ngoma zao. Twiga naye akaondoka, na shingo yake siku ile ilionekana fupi. Mnana akabaki ukingoni, na aibu ilimwuma, tena ilimwuma haswa, machozi yalimtoka. Lakini mkewe aliposogea kumpa pole alimkuta amelala. Mchana kweupe, kichwa ndani ya bawa, anakoroma chwi... chwi... Alikuwa hajalala hivyo tangu nguzo isimame.

Alipoamka hakuruka. Alitembea. Ndege anatembea, mmewahi kuona? Tupu, tupu, tupu, ukingo mzima kwa miguu, akimwuliza kila mkaaji anapita wapi, na wa kwanza kuulizwa alikuwa Kiboko. Daraja la pili likajengwa pembeni ya njia ya Kiboko. Na kabla ya utepe, watu wakavuta. Nyani wakavuta, Swala wakavuta, Twiga akavuta kwa meno yale yale. Wa mwisho kitoto cha Ngiri kikang'ang'ania kamba mpaka kikaangukia matako. Daraja likashika. Kikainuka, mkia juu, kikavuka cha kwanza.

Mnaona basi. Kitu cha watu wote waachie watu wakijaribu kabla hawajakitegemea, na umwulize anayekaa chini pamoja na anayetazama kutoka juu. Ukiona unasifiwa kwa kazi uliyowakataza watu kuigusa, usilale.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nanyi ivuteni. Ikikatika, kesho nitaisuka upya.