Goti Lililoipinda Njia ya Mbaremu

Wakati njia za milimani zilikuwa bado hazijajifunza kupinda, watu wa mlima wa Mbaremu walipanda na kushuka kwa mstari mmoja, ulionyooka kama kamba iliyoning'inizwa. Walisema babu yao wa kwanza aliushuka mlima ule akifuata jiwe lililoporomoka, na jiwe likishaporomoka halitafuti kona. Basi na wao hawakutafuta. Aliyeukata mteremko kwa ubavu alihesabiwa kuwa ana la kuficha: ama mwizi, ama mchawi, ama mtu anayekwepa kuonana na wakwe zake.

Kila alfajiri mlima mzima ulikimbia. Jogoo akiwika mara ya pili, wanaume kwa wanawake walitoka majumbani, wakashuka mbio hadi kijito cha Nakombo, wakanawa uso, wakapanda tena kabla jua halijachomoza vizuri. Mbio hizo waliziita kuvunja umande. Huko ndiko walikotaniana, huko vijana walikochumbiana, huko habari za mlima zilikogawanywa. Asiyeshuka hakujua nani kajifungua, nani kaachika, wala ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani.

Lakini mteremko ule ulikula magoti. Mtu akishindwa kushuka asubuhi tatu mfululizo, ukoo ulimletea kigoda. Kilikuwa kigoda kizuri, cha miguu mitatu, kilichosuguliwa kwa mafuta hadi kikang'aa. Vigelegele vilipigwa, uji ukanywewa, na mkongwe mpya akakalishwa uani kwa heshima zote. Kesho yake alisikia nyayo za wenzake zikipita nyuma ya ukuta wake, zikishuka, zikififia, na yeye amebaki na kuku na ungo wa maharage. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuinuka kutoka kwenye kigoda. Si kwamba ilikatazwa. Hakuna aliyewahi kulifikiria.

Sasa, mlimani hapo aliishi Kajeri, mchuuzi wa chumvi, mtu wa mavuno arobaini na tisa, mwenye kitambi alichodai ni mzigo wa safari aliousahau kuutua. Alikuwa amefika nchi nyingi, na kila alikofika alirudi na hadithi ambayo ndani yake yeye ndiye aliyeanguka mtoni. Hakuwahi kuwa wa kwanza kufika kijitoni. Kasi yake yote ilikuwa mdomoni. Ila hakuna aliyependa kuvunja umande kama yeye. Alishuka akicheka, akapanda akihema, na siku asiyokimbia alikuwa kama nyumba isiyowashwa moto.

Goti lake la kushoto lilianza kwa kunong'ona. Akichuchumaa, lilitoa mlio kama bua kavu linalovunjika. Mwezi uliofuata likavimba likawa kama kibuyu kichanga. Kupanda aliweza, kwa kukunja uso. Kushuka ndiko kulikomtoa machozi, maana kila hatua mwili mzima, na kitambi chake, na chumvi yote aliyowahi kubeba, viliangukia pale palipovimba.

Alilifunga kwa majani ya mbarika yaliyopashwa moto. Akalichua kwa mafuta ya kondoo, hata mbwa wakawa wanamfuata. Akaumikwa kwa pembe ya kufyonza damu na mtaalamu wa chuku, akatoka na alama tatu na maumivu yaleyale. Mwisho akaamua kulala. Alilala siku mbili, akisingizia homa, na siku ya pili goti likawa gumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Hata kwenda chooni alijikokota. Hapo akaelewa jambo lililomwogopesha kuliko maumivu yenyewe. Akikimbia, goti linavimba. Akitulia, goti linakufa.

"Baba Sefue," mkewe Nakijwa alimwambia akimkandakanda, "siku hizi goti lako linaongea kuliko wewe."

"Liache liongee. Likichoka litanirudishia zamu."

"Kesho ni asubuhi ya tatu."

Kajeri alitega sikio. Nje, kwa ndugu yake mkubwa, mtu alikuwa akisugua ubao kwa msasa wa majani, na wote wawili walijua anasugua nini.

Usingizi haukuja. Alipokuwa amelala macho wazi, akakumbuka misafara ya chumvi, na punda wanaoteremka magenge ya nyika wakiwa na mizigo mgongoni. Punda hakushuka moja kwa moja hata siku moja. Alikwenda ubavuni, akageuka, akaenda ubavu wa pili, akageuka tena, polepole, na fimbo zote za dunia hazikumbadilisha. Kajeri mwenyewe aliwachapa miaka ishirini kwa kosa hilo. Akajiuliza, muda wote ule, punda alikuwa yupi.

Basi jogoo alipowika mara ya kwanza, kabla ya watu, akachukua fimbo, akatoka. Hakukimbia. Alitembea akiukata mteremko kwa ubavu, akageuka, akaukata tena. Goti liliuma, lakini liliuma kama mtu anayelalamika, si kama mtu anayelia. Akanawa uso kijitoni. Wenzake walipofika chini walimkuta kakaa juu ya jiwe, na wakamshangilia kwamba leo kawatangulia. Alicheka nao, lakini kicheko hakikufika tumboni.

Akafanya hivyo siku kumi na moja. Goti likapungua uvimbe, likakubali kukunjika. Lakini majani yaliyokanyagwa kila siku hayafichiki. Kutoka ng'ambo ya bonde watu walianza kuona mstari uliojipindapinda juu ya mlima kama utumbo wa mbuzi, na minong'ono ikaanza kwamba kuna mchawi anayeufunga mlima. Akina mama wakaanza kuwafunga watoto hirizi. Wazee wakamtuma Togolani, kijana mwenye mbio kuliko wote, avizie.

Togolani alimkuta kwenye kona ya tano, kasimama, kashika goti kwa mikono miwili.

"Mjomba? Ni wewe unayeupinda mlima?"

"Mlima hauna neno, mpwa wangu. Kilichopinda ni hiki hapa."

"Ungesema tu. Tungekuletea kigoda."

"Ndiyo maana sikusema."

Kijana akatazama chini. Alimpenda mjombake, lakini alikuwa ametumwa, na akaenda akasema alichokiona.

Watu walikusanyika uani kwa ndugu mkubwa asubuhi hiyohiyo. Kigoda kilikuwa tayari katikati, kinang'aa. Kajeri alipoinuka kujitetea, waliokaa mbele walishaanza kutabasamu, wakijiandaa kucheka. Hakuwachekesha.

"Ninakiogopa kigoda hicho," alisema. "Nimelala kwenye nchi zenye simba, sikuogopa namna hii. Mkinikalisha hapo nitakufa, na itawachukua miaka kumi kugundua. Niacheni nishuke sasa hivi, mbele yenu, kwa njia yangu. Nisiporudi kabla jua halijafika utosini, nitakikalia."

Ndugu mkubwa alikitazama kigoda, kisha jua. "Nenda," akasema.

Akashuka. Mlima wote ulisimama ukingoni kutazama mtu mzima akienda kulia, akigeuka, akienda kushoto, kama aliyedondosha kitu majanini. Vijana walicheka hadi wakashikana mabega. Mmoja akapaza sauti, "Mzee Kajeri, umepoteza nini huko?"

Kicheko kilikatwa na mlio wa mguu wa kigoda kingine, kwenye ua uliokuwa nyuma yao, ukikwaruza udongo. Bibi Namkunda, aliyekalishwa miaka kumi na minne iliyopita, alikuwa amesimama. Hakumwomba mtu mkono. Alichukua mwiko mrefu wa kusongea ugali wa harusi, akauegemea, akapita katikati ya wajukuu zake, akaingia kwenye mstari uliopinda. Nyuma yake akatoka mzee mwingine na mpini wa jembe. Halafu wawili walioshikana. Vijana waliokuwa wakicheka waliwaona mama zao na baba zao wametapakaa mteremkoni, wadogo kama mbuzi, na wengine wakaziba midomo kwa viganja.

Kajeri, alipofika kona ya tatu, alisikia mihemo nyuma yake, akageuka. Akaliona jua lilipofika. Akamwona na Bibi Namkunda, katikati ya ubavu, anatetemeka juu ya mwiko. Angeweza kuendelea, goti lilimruhusu, na muda ulitosha. Alisimama. Akamngoja hadi alipofika, wakapumua pamoja wakitazama bonde, bila maneno, kisha wakaenda hadi kona iliyofuata, akangoja tena.

Kijitoni Bibi Namkunda alinawa uso mara saba. Maji yalimchuruzika shingoni na hakuyafuta.

Waliporudi juu jua lilikuwa limepita utosini zamani, limeanza kuegemea magharibi. Kajeri alikuwa ameshindwa, na kila mtu aliliona hilo. Hakungoja kuambiwa. Alikwenda hadi kwenye kigoda, akakikalia, akanyoosha mguu wa kushoto, akapokea bakuli la uji, akanywa. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Jogoo wa kwanza wa siku iliyofuata alipowika, Nakijwa alifungua mlango akawakuta wazee tisa wamesimama uani na fimbo zao, wamejifunika shuka, wanamngoja mumewe. Ndugu yake mkubwa naye alikuwepo, nyuma kabisa, ameshika goti lake la kulia kama mtu aliyechoka kulificha. Kajeri akachukua fimbo yake, akatoka.

Goti la Kajeri halikupona. Liliuma hadi siku alipofariki, miaka ishirini na miwili baadaye, na asubuhi ya siku hiyo alikuwa amenawa uso Nakombo. Njia ya jiwe la babu iliota nyasi, mvua ikaichimba ikawa korongo, na hapana mguu uliorudi kuikanyaga.

Tangu hapo njia za milimani hupinda, hata pale ambapo mwenye mbio angeweza kushuka wima. Na anayetangulia kufika kwenye kona husimama. Nanyi mkipanda huko, mkamkuta mtu kashika goti lake kimya, anatazama bonde, msimuulize ana nini. Simameni, mtazame bonde pamoja naye, hadi atakapoinua mguu.